Siku Niliyoomba Wapige "Chumvi ya Mokambo"

Mpaka leo kuna watu wa mtaa wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ambao wakiniona natoka sokoni na kikapu changu hawanisalimu kama binadamu, wanapiga mluzi, na mluzi wenyewe ni mwanzo wa wimbo mmoja ambao sitaki hata kuusikia, halafu wanaangalia pembeni kama vile ni ndege aliyelia. Basi niacheni niwasimulie mwenyewe, maana nimechoka kusikia habari hii kwa watu ambao hata hawakualikwa, na kila mmoja ananiongezea aibu yake ya ziada (kuna wanaosema nilianguka ndani ya sufuria ya sombe, yaani kisamvu, sikuanguka popote, na heri ningeanguka).

Ilikuwa miaka ile tulipokuwa tunaitana, kwa amri ya serikali, sitwayen na sitwayene, yaani raia, wanaume wenye heshima zao wamevaa makoti ya abakosi yaliyofungwa mpaka shingoni, na jina la ubatizo unaliacha kanisani. Mimi Ngoie nilikuwa mwalimu wa darasa la pili kule Ruashi, sina mume bado, sina mtoto, na upendo wangu wote niliokuwa nao nilikuwa nimeuweka mahali pamoja pasipo na faida, yaani kwenye bendi ya wazee iliyoitwa Mawe ya Ruashi. Sisi tulisema Mawe tu. Hao wazee walianza zamani na gitaa kavu moja na chupa ya limonadi iliyogongwa na msumari, wakipiga nyimbo za vijijini kwao kwenye kambi za wafanyakazi wa shaba, halafu pesa ikaja kidogo wakanunua magitaa ya umeme na ngoma za kizungu, wakachanganya yote pamoja, na ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa.

Kila Jumapili baada ya misa, sisi wapenzi wa Mawe tulikutana kwenye baa moja karibu na Bel-Air, na hatukuwa na jambo lingine la kuzungumza ila hilo: Mawe wakipanda jukwaani, wapige nyimbo gani? Upande mmoja alikuwa Musafiri, muuza vitenge, ambaye wazee wake walitoka Maniema (yeye ni Mwislamu, kwa hiyo sisi tukitoka kanisani tumechoka kupiga magoti, yeye anatufikia amekula vizuri na ana nguvu zote za kubishana). Dukani kwake ni mtu mpole, atakukunjulia vitenge kumi na usinunue hata kimoja, asinune. Lakini mtajie Mawe, utafikiri umemtukania mama yake. Musafiri alitaka nyimbo mpya, za umeme, ndefu, na juu ya zote wimbo mmoja ulioitwa "Shemine", ambao maneno yake yote ni kwamba shemine, lile bomba refu la kiwanda cha shaba, inatoa moshi, jambo ambalo mtu yeyote wa Lubumbashi anajionea akifungua dirisha, bila kulipa kiingilio. Na wanaoucheza wanainua mikono juu na kutetemeka kama bomba la kiwanda, watu wazima, wenye watoto.

"Bantu banakuja kwa kucheza, mwalimu," alikuwa ananiambia. "Kulia bataenda kulia kwabo."

Upande wa pili nilikuwa mimi, na mimi nilitaka gitaa kavu na chupa, na juu ya zote nilitaka "Chumvi ya Mokambo". Ule wimbo niliujua kwa sahani ya santuri ya baba yangu tangu sijaota meno ya pili. Unasimulia habari ya mwanamke aliyeteleka maji ya bukari, yaani ugali, jikoni, akamwambia bwana yake kwamba chumvi imekwisha, anaenda Mokambo kuitafuta kwa sababu ng'ambo ya mpaka ni rahisi, na hakurudi tena. Maji yakachemka, yakakauka, sufuria ikaungua, na bwana amekaa mlangoni anauliza wapita njia. Maneno ni hayo tu, lakini gitaa lile, jamani, linakwenda kama treni inayotambaa usiku kwa reli za mbali, na ile chupa nyuma yake, ti-ti, ti-ti. Nilikuwa nikisema mtu asiyeupenda ule wimbo hana moyo, na nilikuwa nasema hivyo nikimwangalia Musafiri.

Tatizo ni kwamba Mawe walikuwa wameacha kuupiga miaka mingi, na hakuna aliyejua kwa nini. Wengine walisema mgonga chupa alikufa. Wengine walisema vidole vya Papa Kabwe, mkubwa wao na mtunzi wa wimbo, vimeshakuwa vizito. Musafiri ndiye aliyetuletea habari kwamba yule mwanamke wa chumvi alikuwa mtu wa kweli, na kwamba huko Mokambo alimfuata mtu wa forodha kwa ajili ya kofia yake inayong'aa, na sisi tulilipokea hilo la kofia kama neno la Injili, tukawa kila Jumapili tunaliongezea chumvi. Siku moja nilikwenda kwenye mazoezi yao nikamwomba Papa Kabwe uso kwa uso. Hakuinua hata macho. Alisema, "Ile hapana, mama. Omba ingine." Mtu mwenye akili angesikia namna alivyolisema. Mimi nilisikia uvivu.

Sasa mdogo wangu Mwadi akapata mchumba. Kijana mzuri, anaitwa Kalenga, fundi umeme kwenye kiwanda, hana kelele, wazazi wake wanakaa mbali huko mpakani, na mahari ilipokwisha kuzungumzwa baba yangu (aliyekuwa mtu wa reli, na Papa Kabwe alikuwa jirani yake wa zamani) akatangaza kwamba Mawe watapiga kwenye arusi. Nilipiga kelele za furaha peke yangu. Mwadi hakupiga kelele. Alinipeleka chumbani, akafunga mlango, akanishika mikono yote miwili.

"Yaya, dada yangu, fanya byote unapenda. Pika, amuru bantu, lia. Lakini muziki, usiiguse."

Nikaahidi. Tena niliahidi kwa moyo mweupe kabisa, na ili nisipate nafasi ya kuivunja ahadi, shangazi zetu walinipa kazi moja tu siku ya arusi, kazi ya heshima kubwa: kukaa karibu na mama wa bwana arusi, kuhakikisha sahani yake haikauki na glasi yake haishuki, kumchekesha, kumfanya ajisikie yuko kwao. Wakwe ni watu wa kuogopwa, ninyi mnajua. Neno moja baya na mtoto wa watu anarudishwa nyumbani na godoro lake.

Walifika kutoka Mokambo na gari la mizigo lililofungwa vitambaa vyeupe. Mama wa Kalenga aliitwa Mama Chola, mwanamke mrefu, mwenye shingo ndefu, anayeongea polepole kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Mume wake alikuwa mzee mdogo aliyenyooka sana ndani ya abakosi ya kijivu. Niliwakaribisha, nikaketi karibu na mama kwenye viti vya mbele, chini ya maturubai tuliyotundika uani, na mambo yakaanza vizuri. Niliona, ndiyo, kwamba Papa Kabwe alipiga nyimbo zote za kwanza amegeuza mgongo kwa wageni. Nikafikiri jua linamwingia machoni. Niliona pia kwamba Mama Chola alimwangalia mara moja tu, kama mtu anavyoangalia treni ambayo si yake. Sikufikiri chochote. Nilikuwa nahesabu hasira zangu nyingine, kwa sababu mpaka saa hiyo Mawe walikuwa wamepiga nyimbo za umeme tupu, na Musafiri, aliyekuja na wapenzi wote wa baa kusimama nje ya ua wetu na kuimba juu ya fensi, alikuwa ananionyesha meno yote.

Halafu ukaja wakati wa wanamuziki kula. Papa Kabwe na wazee wenzake wakaingia ndani ya nyumba, wakabaki uani wawili tu, mpiga ngoma na mpiga gitaa wa pili anayeitwa Mbuyu, mtu aliyejiunga nao karibuni kutoka Likasi, ambao walikuwa wamekwisha kula. Mama Chola akaniambia hana kiu. Nikasimama ninyooshe miguu. Na miguu yangu, sijui nani aliituma, ikaniongoza mpaka kwa Mbuyu.

Nikamwuliza kama anaijua "Chumvi". Akasema aliisikia kwenye santuri kama kila mtu, na vidole vyake vinaijua, lakini mkubwa haitaki. Hapo ningepaswa kusema asante na kurudi kwenye kiti changu. Badala yake nikamwambia kwamba Papa Kabwe amekwisha kukubali, ni zawadi ya ghafla kwa maarusi, aanze tu, yeye atatoka ndani kuimba. Uongo mdogo kiasi cha punje ya mtama. Mbuyu akafurahi kama mtu aliyepewa likizo, akachukua gitaa kavu la mkubwa, mpiga ngoma akatafuta chupa, na ile treni ikaanza kutambaa.

Wapenzi nje ya fensi waliposikia zile noti za kwanza walipiga ukelele mmoja kama watu waliookolewa, wakaanza kuimba wao wenyewe, wote, na hata wa upande wa Musafiri waliimba (nilimwona, mdomo wake ulikuwa unaenda). Nilirudi kwa Mama Chola nikiwa juu ya mawingu. Nikamkuta ameweka sahani chini. Nikadhani haelewi, mtu wa mbali, labda hawausikii huko, na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kumchekesha nikainama sikioni kwake na kuanza kumweleza wimbo, ubeti kwa ubeti, kama darasa la pili. Nikamwambia huyu mwanamke aliacha maji motoni. Nikamwambia chumvi ilikuwa kisingizio. Akaniuliza polepole kama namjua huyo mwanamke, nikasema mama, nani asiyemjua, na nikamtolea yote ya baa, kofia inayong'aa, mtu wa forodha, na kwamba wanasema sasa amenenepa mpaka mlango wa nyumba yake ulibidi upanuliwe (hilo nililitunga mimi, papo hapo, kwa sababu nilimwona hacheki na nilitaka acheke). Na kelele za fensi zilikuwa kubwa, kwa hiyo nami nilikuwa napandisha sauti, napandisha, napandisha.

Papa Kabwe akatoka ndani ya nyumba na bukari bado iko vidoleni. Alivuka ua, akaweka mkono wake wote juu ya nyuzi. Gitaa likakata, ngoma ikakata, hata fensi ilinyamaza kidogo, na ndani ya ule ukimya, mbele ya wakwe, mbele ya padri, mbele ya mwenyekiti wa mtaa aliyekuja na beji yake ya chama, sauti yangu ya ualimu ilibaki peke yake ikimalizia:

"...mwanamuke kama ule, mama, hata imbwa haiwezi kumuoa."

Mama Chola alikunja kitambaa chake cha mikono mara mbili, akakiweka kwenye kiti, akasimama.

"Ule mwanamuke njo miye," alisema.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayejibu jina lake likiitwa hospitalini. Halafu akamgeukia Papa Kabwe, na sisi wote tulikuwa pale lakini nadhani hakutuona tena.

"Nilirudia na chumvi, Kabwe. Nyumba ilikuwa na kufuli. Ulikuwa umeenda Kolwezi na gitaa yako, haukuachia hata jirani neno. Nilikungojea mpaka mvua ikakwisha. Na miaka hii yote bantu banaimba ni miye nilikimbia."

Papa Kabwe aliangalia vidole vyake vyenye bukari. Nilifikiri atajitetea, wanamuziki wana maneno. Akasema tu, "Iko kweli, Chola."

Sasa yule mzee mdogo wa abakosi ya kijivu akasimama pia, akaeleza kwa utaratibu kabisa kwamba ndiyo, yeye alikuwa mtu wa forodha, na ndiyo, alikuwa na kofia, ya kazi, ya serikali, na kwamba hakuja kutoka Mokambo kwa gari la mizigo ili atukanwe na bibi arusi wa mtoto wake kabla hata keki haijakatwa (alinichanganya na Mwadi kwa sababu ya machozi yaliyomjaa machoni, hakuna aliyethubutu kumrekebisha). Akaomba watu wake wapande gari. Wakaanza kupanda. Shangazi wa upande wao akachukua na zile chupa za bia walizozileta.

Na nyie mngefikiri basi aibu imefika mwisho. Hapana. Wapenzi wa nje ya fensi, waliokuwa hawaoni wala hawasikii vizuri, waliona tu muziki umekatwa, wakadhani uzi wa gitaa umekatika, wakaamua kusaidia. Wakaanza ubeti wa pili kwa midomo na makofi, ule wa sufuria kuungua, huku mama mwenyewe anatembea kuelekea garini. Nilikimbia kwenye fensi nikapunga mikono waache. Walifikiri nawaongoza. Wakaongeza sauti. Nilipunga zaidi, wakaongeza zaidi, na Musafiri, Mungu ampe maisha marefu ili nipate muda wa kumsamehe, akaegemea fensi akaniambia kwa utulivu kwamba aliniambia toka mwanzo, ile wimbo haiko ya arusi. Mimi nakufa, yeye anashinda ubishi.

Nilipogeuka, Mwadi alikuwa amesimama katikati ya ua na gauni lake jeupe, peke yake. Kalenga alikuwa mlangoni, mguu mmoja kwetu na mwingine barabarani, hajui amfuate nani. Mwadi hakunitukana. Aliniangalia tu, na nikaona kwamba kuanzia siku alipozaliwa mpaka ile dakika hajawahi kuniomba kitu kingine, na hiki kimoja nimemnyima. Hapo ndipo magoti yangu yalipoacha ubishi. Nilikwenda mpaka kwenye gari, nikapiga magoti kwenye vumbi na kitenge changu kipya, nikamwomba Mama Chola msamaha, nikamwambia kwamba la mlango kupanuliwa nililitunga mimi, kwamba mdogo wangu hakujua lolote, kwamba anipige mimi faini, anifukuze mimi, lakini mtoto wa watu asirudishwe kwa ajili ya mdomo wa dada yake. Baba yangu alikuja akasimama nyuma yangu, amevua kofia.

Mama Chola aliangalia juu ya kichwa changu, mpaka kwenye meza ya vyakula. Halafu aliuliza, si mimi, alimwuliza mume wake, kama kuku alikuwa amekwisha. Mzee akasema hajui. Mama akashuka.

"Uko mupenzi wa muziki?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, mama. Akauliza wimbo gani wa hawa wazee siupendi kuliko zote. Nilijaribu kunyamaza, nawaapia, lakini fensi nzima ikajibu kwa niaba yangu, na aliyeanza ni Musafiri.

Basi Mawe walipiga "Shemine". Waliupiga wote, urefu wake wote, na walipofika mwisho Mama Chola aliinua kidole na wakauanza upya, na mimi nilikuwa peke yangu katikati ya ua, mwalimu wa shule, magoti yana vumbi, mikono juu, natetemeka kama bomba la kiwanda, mbele ya padri na mbele ya wanafunzi wangu watatu waliokuwa juu ya ukuta. Mama Chola alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anakula kuku bila haraka. Mume wake alishikilia uso wake mpaka zamu ya pili ya gitaa, halafu ukamponyoka, akacheka, na alipocheka yeye wengine wakapata ruhusa. Kalenga akarudi ndani akamshika Mwadi mkono. Keki ikakatwa. Papa Kabwe alipiga safari hii akiwa amewageukia watu.

Mwadi hakunisemesha mpaka mimba yake ilipoonekana. Papa Kabwe hakuupiga tena wimbo wa chumvi mpaka alipokufa, na hakuna aliyemwomba.

Mara moja tu uliwahi kutajwa mbele yangu. Ilikuwa nimekwenda Mokambo kumsindikiza Mwadi akampeleke mtoto kwa bibi yake, tumeketi uani na Mama Chola tunamenya karanga. Ghafla akasema, bila kuinua macho:

"Ile gitaa ilikuwa ya muzuri sana. Maneno tu njo yalikuwa ya bongo, ya kudanganya bantu."

Nikataka kumwambia kwamba gitaa ndiyo, lakini uzuri wenyewe uko kwenye chupa, kwamba bila ile chupa wimbo haufiki popote, na kwamba Musafiri na watu wake hawajawahi kulielewa hilo. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Nikatia karanga ndani, nikaufunga, nikatafuna. Na hivyo ndivyo ninavyofanya mpaka leo: mtu akiniuliza bendi ipige nini, natafuta kwanza kitu cha kutafuna.